NONDO AISHIYE NDANI YA JANI
Somo la kumtambua Kanitangaze katika nyanya na viazi

Mkulima wa nyanya katika Uasin Gishu aonapo majani ya shamba lake yamekauka kana kwamba yamepitiwa na moto, jambo la kwanza afanyalo mara nyingi ni kukimbilia dukani kununua dawa. Ainunua, aipiga, angoja siku tatu, na majani yazidi kukauka. Arudi dukani tena, anunua dawa nyingine iliyo kali zaidi. Mwisho wa msimu hesabu yake yaonyesha kwamba fedha za nyanya zimekwenda katika chupa za dawa, na hata nyanya zenyewe hazikufika sokoni Eldoret. Mara nyingi kosa si la dawa. Kosa ni kwamba mkulima alipiga vita kabla ya kumjua adui aliye mbele yake.

Somo hili ni la kumtambua adui mmoja ambaye ni mdogo kuliko punje ya ngano, lakini aweza kula shamba zima. Katika hali mbaya, asipozuiliwa, hasara yake imepata kufika karibu mavuno yote. Yafaa somo hili lisomwe polepole, na ikiwezekana lisomwe shambani, jani likiwa mkononi.

JINA LAKE NA ASILI YAKE

Mdudu huyu ni nondo, yaani yule ndugu wa kipepeo ambaye hutembea usiku. Wakulima wa Tanzania wamempa jina la Kanitangaze, maana yake, "nenda ukanitangaze." Jina hili lamfaa, kwa kuwa akiingia katika shamba moja, habari zake husikika upesi katika mashamba ya jirani.

Mabwana wa elimu ya wadudu walimjua kwa jina la Tuta absoluta, na ndilo jina litakaloonekana katika vitabu vingi na kwenye karatasi za chupa za dawa. Mwaka 2021 wataalamu walilibadili jina hilo likawa Phthorimaea absoluta, kwa sababu walimwona kuwa ni wa jamaa moja na nondo wa viazi. Basi msomaji akikuta majina hayo mawili asidhani kuwa ni wadudu wawili. Ni yule yule mmoja.

Aliyempa jina la elimu mara ya kwanza ni Mwingereza Edward Meyrick, mwaka 1917, kwa nondo waliotoka Huancayo katika milima ya Peru, Amerika ya Kusini. Bwana Meyrick alikuwa mwalimu wa shule, na katika maisha yake alieleza aina zaidi ya 14,000 za nondo wadogo. Hata nondo mmoja wa majani ya kahawa hapa Kenya, Leucoptera meyricki, aliitwa hivyo kwa heshima yake.

Kwa miaka mingi Kanitangaze alibaki Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania. Baada ya miaka miwili alikwisha kuvuka bahari na kuingia Morocco, Algeria na Tunisia. Mwaka 2012 alikuwa Ethiopia, na kufikia mwaka 2014 alikwisha kuonekana Kenya na Tanzania. Mwaka 2015 alikuwa Uganda, na mwaka 2016 alifika Afrika ya Kusini. Hivyo kwa muda wa miaka 10 tu alitoka Hispania akafika mwisho wa bara letu.

Je, mdudu mdogo hivyo alisafirije? Mabawa yake yaweza kumpeleka mbali kidogo, na upepo humsaidia. Lakini mchukuzi wake mkubwa ni mwanadamu. Huchukuliwa katika nyanya zilizotobolewa, katika miche, na katika masanduku ya kubebea nyanya ambayo hurudishwa shambani bila kuoshwa. Lori liletalo nyanya mjini Eldoret laweza kuwaleta nondo pamoja nazo.

MAISHA YAKE YOTE

Hatuwezi kumtambua vizuri tusipojua sura zake nne, kwa maana hubadilika kama wabadilikavyo wadudu wengi: yai, kiwavi, pupa, na nondo mwenye mabawa.

Yai. Jike hutaga mayai yake moja moja, zaidi upande wa chini wa jani changa. Yai ni jeupe kama maziwa, kisha huwa la manjano. Urefu wake haufiki nusu ya milimita, hivyo jicho tupu huliona kwa shida. Jike mmoja aweza kutaga mayai kama 260 katika maisha yake. Na tufanye hesabu kidogo. Kama mayai hayo 260 yote yakiishi, na nusu yake yakiwa majike, tutapata majike 130. Kila mmoja wao akitaga 260, wajukuu watakuwa 33,800. Kwa bahati njema si wote waishio, kwa kuwa wengi huliwa na wengine hufa kwa mvua na baridi. Lakini hesabu hii yatuonyesha kwa nini mkulima aliyeona majani mawili mabovu Jumatatu hana ruhusa ya kungoja mwezi mzima.

Kiwavi. Huyu ndiye mharibifu. Akitoka katika yai huwa hafiki milimita moja. Hutoboa ngozi ya jani na kuingia ndani, akaanza kula nyama ya jani iliyo kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini. Hapo ndipo anapopata chakula na nyumba pamoja. Akiwa mdogo ni mweupe mweupe mwenye kichwa cheusi. Akikua huwa kijani, kisha mgongo wake hupata wekundu kidogo, na urefu wake hufika milimita 7 au zaidi kidogo.

Pupa. Kiwavi akishiba huacha kula, na mara nyingi hushuka kwa uzi wake hadi katika udongo, ingawa wengine hubaki ndani ya jani lililojikunja. Huko hulala, akawa kitu kidogo cha rangi ya kahawia chenye urefu kama wa milimita 6.

Nondo. Akitoka katika usingizi huo ana mabawa. Urefu wake ni milimita 5 hadi 7. Rangi yake ni ya kijivujivu yenye kung'aa kidogo kama fedha, na mabawa ya mbele yana madoa meusi. Vipapasio vyake ni virefu na vyembamba kama uzi, vyenye mapingili ya weusi na weupe. Mchana hujificha kati ya majani. Jioni na alfajiri ndipo atembeapo.

Muda wa maisha hayo, toka yai hata nondo, hutegemea joto. Wataalamu walipima wakaona hivi: katika joto la digrii 27 yachukua siku kama 24, katika digrii 20 siku kama 40, na katika digrii 14 siku kama 76. Jambo hili ni la maana sana kwetu. Mji wa Eldoret uko juu kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake humchelewesha mdudu huyu. Lakini wakulima wa Bonde la Kerio, huko chini ambako jua ni kali, wasitumainie msaada huo. Tena mkulima wa huku juu aliyejenga kibanda cha nailoni ili nyanya zake zipate joto, ajue kwamba amelipasha joto shamba na adui pia.

DALILI ZA KWANZA

Tazama majani machanga ya juu kwanza. Kila mahali kiwavi alipokula, ngozi mbili za jani hubaki bila nyama, na mwanga hupita. Chuma jani moja na uliinue kuelekea jua. Ukiona doa pana lililo kama karatasi nyembamba, lenye umbo lisilo na utaratibu, na ndani yake mna chembe nyeusi zilizokusanyika, hizo ni kinyesi. Tazama vizuri zaidi, pengine utamwona mwenyewe akijivuta katika kona ya handaki lake.

Baada ya majani, tazama vikonyo na nyanya changa. Kiwavi hupenda kuingia katika nyanya mahali pale ambapo kikonyo hushikana na tunda, chini ya vile vijani vidogo vya kijani. Tundu lake ni dogo kama la pini, na mara nyingi lina kinyesi mlangoni. Nyanya hiyo huoza baadaye, kwa kuwa tundu limefungua njia ya ugonjwa.

Mbali na nyanya, mdudu huyu hula pia majani ya viazi, bilinganya, mnavu ambao wengi huuita managu, na hata mranaha uotao ovyo kando ya njia. Kwa hiyo mkulima asitazame nyanya peke yake.

WANAOFANANA NAYE

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wako watano ambao dalili zao hufanana na za Kanitangaze. Tuwachukue mmoja mmoja.

1. Nzi wa majani. Huyu si nondo bali ni nzi mdogo sana mweusi na manjano, wa jamaa ya Liriomyza. Mmoja wa jamaa hiyo aliingia Kenya katika miaka ya 1970 pamoja na miche ya maua iliyoletwa kutoka Marekani. Buu wake pia hula ndani ya jani, lakini handaki lake ni jembamba, lenye kupindapinda kama nyoka au kama mwandiko wa mtoto. Handaki la Kanitangaze ni pana kama ziwa. Mtoe buu kwa ncha ya sindano umtazame: buu wa nzi ni wa manjano, hana miguu wala kichwa cha kuonekana. Kiwavi wa Kanitangaze ana kichwa cheusi au cha kahawia na miguu. Tena nzi huacha vidoto vyeupe vingi juu ya jani, kama vya kuchomwa kwa sindano, naye haingii kamwe katika tunda.

2. Bakajani. Huu ni ugonjwa wa ukungu, si mdudu, na katika mvua na baridi ya Uasin Gishu huua nyanya na viazi upesi sana. Majani huwa kahawia na meusi hata mtu akadhani ni kazi ya kiwavi. Jaribio ni jepesi: jaribu kutenganisha ngozi ya juu na ya chini. Katika jani la Kanitangaze ngozi hizo zimekwisha kuachana na ndani ni patupu. Katika jani la bakajani zimeshikana, hakuna handaki wala kinyesi, na asubuhi yenye umande pengine utaona ukungu mweupe upande wa chini. Dawa ya wadudu haiponyi bakajani, wala dawa ya ukungu haimwui kiwavi. Atakayekosea hapa amepoteza fedha zake zote.

3. Kiwavi mkubwa wa matunda. Huyu hutoboa nyanya na pamba na mahindi pia. Tundu lake ni kubwa, laweza kuingiza penseli, na mwenyewe hufika urefu wa milimita 40. Kanitangaze hawezi kuwa mkubwa hivyo hata siku moja.

4. Nondo wa viazi. Huyu ni ndugu yake hasa, Phthorimaea operculella, na ndiye mgumu kumtenga naye. Kiwavi wake pia huchimba majani ya viazi. Lakini nondo wa viazi huingia katika kiazi chenyewe, shambani na ghalani, ambapo Kanitangaze hukaa katika sehemu za mmea zilizo juu ya udongo. Mwenye kioo cha kukuza atazame nyuma tu ya kichwa cha kiwavi. Pale pana kigao kama ukosi wa shati. Katika nondo wa viazi ukosi wote ni mweusi au kahawia nzito. Katika Kanitangaze ukosi ni wa rangi nyepesi, na mstari mweusi mwembamba uko pembeni mwake, nyuma. Wakulima wa Ainabkoi na sehemu nyingine za viazi waishike alama hii.

5. Jua na mbolea. Jani lililounguzwa na jua kali au na mbolea ya chumvi nyingi hukauka ukingoni kwanza. Hapana handaki, hapana kinyesi, hapana kiwavi.

CHUPA ITAKUAMBIA

Kama bado una shaka, iko njia ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifuata. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Weka ndani karatasi kavu, kisha majani matatu au manne yenye handaki. Funga mdomo kwa kitambaa chepesi na uzi. Iweke kivulini ndani ya nyumba, mbali na dawa. Kila baada ya siku mbili tia jani bichi la nyanya na uondoe lililooza. Andika katika daftari siku uliyoanza.

Baada ya majuma kadhaa, chupa itatoa jibu. Akitoka nzi mdogo, umejua. Akitoka nondo wa kijivu mwenye madoa, umejua pia. Pengine atatoka nyigu mdogo mweusi, naye usimwue. Nyigu wa namna hiyo hutaga mayai yake ndani ya viwavi, na watoto wake huwala. Huyo ni rafiki wa mkulima. Shirika la utafiti wa wadudu la icipe, ambalo makao yake ni Nairobi, lilimleta nyigu mmoja wa namna hiyo, aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris, kutoka Peru alikotoka Kanitangaze mwenyewe, ili aje amfuate adui yake huku.

Ijulikane kwamba nondo wadogo wafananao sana hawawezi kutengwa kwa hakika kwa macho tu. Mtaalamu huwatazama viungo vya uzazi kwa darubini, au hupima asili yao katika maabara. Kwa hiyo, mdudu akiwa mgeni katika kata yako, peleka mfano kwa afisa wa kilimo, au kwa KALRO au KEPHIS. Viwavi watiwe katika kichupa cha spiriti. Nondo awekwe akiwa mkavu katika kisanduku kidogo juu ya pamba. Jani libanwe kati ya kurasa za gazeti. Andika kwa penseli mahali, tarehe, mmea, na jina la aliyekusanya. Mfano usio na maandishi haya haumsaidii mtaalamu.

MTEGO WA HARUFU

Jike wa Kanitangaze hutoa harufu ya kumwita dume. Wataalamu wameitengeneza harufu hiyo, nayo huuzwa katika maduka ya dawa za kilimo ikiwa katika kipira kidogo. Kipira hicho huning'inizwa juu ya beseni la maji yaliyotiwa sabuni kidogo. Madume hufuata harufu, wakaanguka majini.

Mtego huu ni mlinzi wa kukuarifu kwanza. Uweke mapema, hata kabla ya kupanda, na uhesabu nondo kila juma. Hesabu ikipanda, ongeza ukaguzi wa majani. Lakini usitegemee mtego peke yake, kwa maana majike hawaingii humo, na jike aliyekwisha kupata dume aendelea kutaga.

BAADA YA KUMTAMBUA

Mkulima aliyethibitisha kwamba ni Kanitangaze yampasa kuanza na usafi. Majani na nyanya zilizoingiwa zichumwe, zisitupwe kando ya shamba, bali zifukiwe chini sana au zifungwe katika mfuko wa nailoni na kuachwa juani. Masanduku yaoshwe. Miche ioteshwe chini ya chandarua chenye matundu madogo sana. Baada ya nyanya, shamba lisipandwe nyanya tena wala viazi wala bilinganya, bali mahindi, kabeji au vitunguu. Masalia ya mavuno yang'olewe mara, kwa kuwa shamba lililoachwa ndilo ghala la nondo wa msimu ujao.

Dawa ikihitajika, inunuliwe ile iliyosajiliwa kwa mdudu huyu. Kiwavi yumo ndani ya jani, hivyo dawa iguswayo na ngozi ya nje tu haimfikii. Tena dawa moja ikitumiwa mfululizo huwaua walio dhaifu na kuwaacha wale wasioidhurika, nao huzaa wenzi wao. Ndiyo sababu yafaa kubadilisha namna ya dawa, wala si jina la chupa tu. Ziko dawa za mwarobaini, na ziko za kidudu kiitwacho Bacillus thuringiensis, ambazo huwapunguzia madhara nyigu na nyuki. Na siku zilizoandikwa kwenye chupa, za kungoja kati ya kupiga dawa na kuchuma, zisipunguzwe hata moja. Nyanya inayochumwa leo italiwa kesho mbichi na mtoto wa mtu.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu yumo ndani ya jani lenyewe, na anayetaka kumwona hana budi kuliinua jani juani. Kazi hiyo yachukua dakika chache kila juma, wala haina gharama.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sura nne za Kanitangaze, na useme ni ipi iharibuyo mimea.
2. Handaki la Kanitangaze na handaki la nzi wa majani hutofautianaje?
3. Utajuaje kwamba jani limeuawa na bakajani wala si na kiwavi?
4. Nyuma ya kichwa cha kiwavi pana alama gani ya kumtenga Kanitangaze na nondo wa viazi?
5. Kwa nini mkulima mwenye kibanda cha nailoni hawezi kuitegemea baridi ya Eldoret?
6. Mtego wa harufu hukamata nondo gani, na kwa sababu hiyo hautoshi kwa nini?